Filimbi Nyuma ya Stoo

Kila siku baada ya swala ya alasiri, Osob alifungua fundo kwenye ncha ya mtandio wake, akatoa ufunguo na kwenda kufungua stoo ya shule. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, darasa la tano, na Mwalimu Kulow alimfanya kiranja wa stoo kwa sababu hakuwahi kupoteza hata kipande cha chaki. Ndani ya stoo mlikuwa na majembe mawili, ndoo iliyotoboka, mpira mmoja wa ngozi, na filimbi ya chuma iliyoning'inia kwenye msumari.

Mpira ule ulikuwa wa mchezo wa kikapu. Mwalimu Kulow aliujua mchezo huo chuoni alikosomea ualimu, na aliporudi Garissa alimwomba fundi amkatie pete mbili kutoka kwenye pipa la mafuta. Pete zikapigiliwa juu ya nguzo mbili, moja kila upande wa uwanja wa mchanga. Jioni walimu, makarani na dresa wa hospitali walikuja kucheza, na watoto wakakaa pembeni kuwatazama.

Huo ulikuwa mwaka wa 1967, na vita vilikuwa vimeuzunguka mji. Malori yalisafiri kwa msafara, askari mbele na nyuma. Jua likizama, hapana mtu nje. Kulikuwa na amri moja ambayo kila mtoto aliijua kabla hajajua a, e, i, o, u. Filimbi ya askari ikilia mara tatu, kwa sauti ndefu, kila mtu achuchumae palepale alipo, mikono kichwani, mpaka askari wapite. Anayebaki wima ni adui. Mwenye kukamua mbuzi alichuchumaa, mbuzi akajiendea zake na maziwa yake.

Nyumbani Osob aliishi na mama yake, Hawo, aliyekuwa mjane na muuza chai. Mwaka ule waliishi pia na abti yake, yaani mjomba wake, kaka wa mama. Jina lake lilikuwa Guleid, mfugaji wa upande wa Kotile, mrefu kama mlango wa bohari. Ng'ombe wake walikuwa wamechukuliwa, naye akapanda lori kuja Garissa kuwafuatilia. Ng'ombe hakuwapata, na njia ikafungwa nyuma yake. Mkewe Maka na mtoto wao wa miaka mitatu walibaki kulekule. Kuwaleta mjini kulihitaji kibali, na kila alipokwenda kukiomba aliambiwa arudi kesho.

Karani mmoja jina lake Alio, aliyecheza kikapu jioni, alimpima Guleid kwa macho toka kichwani hadi visiginoni. Timu yao ilikuwa imepungukiwa mtu mmoja, na baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, wangecheza na askari. Alimwambia kwamba wakubwa wote watakuja kutazama. Akicheza naye, atampeleka kwao mwenyewe na kuwaeleza habari ya mkewe. Ndivyo mtu wa miaka arubaini, ambaye hajawahi kugusa mpira maishani mwake, alivyokikunja kikoi chake magotini na kuingia uwanjani.

Siku ya kwanza aliupokea mpira kwa mikono miwili akaukumbatia, akakimbia nao kwapani kama mtu aliyebeba ndama aliyezaliwa asubuhi hiyo. Aliipita nguzo, akakaribia kutoka nje ya ua. Mwalimu Kulow akapuliza filimbi.

Guleid aliuweka mpira chini taratibu. Akachuchumaa. Akaweka mikono kichwani.

Watu wote uwanjani wakaangua kicheko. Hata yule dresa, ambaye asubuhi alikuwa amefunga majeraha ya risasi, alicheka mpaka akajishikiza kwenye nguzo. Mwalimu Kulow alimwinua Guleid na kumweleza kwamba filimbi ya mchezo hulia mara moja, fupi, na maana yake ni kusimama tu. Guleid aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kila neno.

Pembeni, Nunow, mvulana wa darasa moja na Osob, alimsogelea. "Yule si abti yako?"

"Ni jamaa wa mama tu," Osob alisema.

"Anakaa kama chura."

Wote mnajua jinsi jina la kejeli linavyonata kwetu. Mtu akichechemea akiwa na miaka saba ataitwa Kiguru akiwa na sabini, na watoto wake wataitwa wana wa Kiguru. Kabla ya maghribi, watoto waliopanga foleni ya maji walikuwa tayari wakisema Guleid Chura. Osob alikuwa ndani ya foleni ile. Alitazama ndoo yake.

Tangu siku hiyo Guleid aliona haya kutazamwa. Akawa anakuja kujifunza peke yake adhuhuri, jua likiwa utosini na watu wamelala vivulini, na Osob alimfungulia stoo. Magoti yalimvimba. Viganja vilivyozoea kamba na fimbo vilitoka malengelenge. Usiku alimweleza dada yake habari za mchezo kama anayesimulia nchi ya kigeni. Alisema maisha yake yote amefundishwa kushika: shika kamba, shika ndama, usiachie. Mpira huu ukiushika unakosa. Sharti uuachie chini ndipo urudi mkononi. Alisema kichwa kimeshaelewa, mkono ndio mzee.

Asipoelewa alimwuliza Osob, kwani watoto wa shule walishayajua hayo yote. "Abti, nionyeshe tena." Mjomba kwetu humwita mpwa kwa jina hilohilo analoitwa. Osob alimwonyesha haraka haraka huku akitazama pembeni, asije akaonekana. Siku moja alimwonyesha makosa makusudi, kurusha mpira kwa kisukusuku, na jioni ile Guleid akarusha vilevile mbele ya watu wote. Wakacheka. Alipotazama upande wa mpwa wake, mpwa wake naye alikuwa anacheka.

Ilikuwa fikira ya Nunow, lakini ufunguo ulikuwa wa Osob. Adhuhuri ya siku iliyofuata walijificha nyuma ya stoo na filimbi ya mwalimu. Guleid alikuwa uwanjani peke yake, akihesabu hatua zake kwa sauti. Osob akapuliza mara tatu, ndefu.

Guleid akaanguka kwenye visigino kama aliyekatwa. Mpira ukabingirika mpaka kwenye miiba. Sasa sikilizeni ubaya wake ulipokuwa. Amri ilisema abaki hivyo mpaka askari wapite, na hapakuwa na askari wa kupita. Basi akabaki. Mchanga ulikuwa wa moto kiasi cha kuunguza nyayo, na jasho lilimtoka puani tone kwa tone. Nunow na Osob waliuma nguo zao wasisikike, wakahesabu mpaka mia mbili, wakaendelea. Alipothubutu kuinua kichwa, Osob akapuliza tena.

Walifanya hivyo siku nne.

Siku ya nne mjomba hakuufuata mpira baada ya kuinuka. Alisubiri mpaka pakawa kimya, akazunguka nyuma ya stoo, akainama. Mtu aliyeweza kumtambua ng'ombe wake mmoja kwa kwato kati ya mia kisimani hashindwi na mchanga wa shule.

Jioni ile, wakiwa wanakula, alizungumza bila kumtazama mtu. "Nyuma ya stoo pana unyayo wa mvulana anayekanyaga kwa ubavu wa nje. Na unyayo wa mtoto mwingine. Kidole chake cha mwisho kimelala juu ya mwenzake."

Osob alivuta mguu wake ndani ya gauni. Mama yake akauona ule mguu ukivutwa. "Osob?"

"Si mimi. Wallahi si mimi."

Hawo alitaka kusema jambo, lakini kaka yake alimzuia kwa mkono. Alimtazama mpwa wake muda mrefu, si kwa hasira. Ilikuwa kama anamngojea afike mahali. Osob hakufika. Akanyosha mkono kuchukua maji.

"Basi, si wewe," Guleid alisema. "Wako watoto wanaonichezea, nami siwezi kujua wataacha lini. Kesho filimbi ikilia nikiwa pale, sichuchumai tena. Nitaendelea na mpira wangu. Kesho kutwa ndiyo mechi."

Osob alisikia maneno hayo vizuri kabisa. Alichohisi ni nafuu tu, kwamba hakupigwa.

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa. Osob hakuigusa filimbi. Alikuwa na hofu ya nyayo zake, basi watu walipotoka swala ya Ijumaa yeye na Nunow walikaa kwenye baraza ya darasa, wakimtazama Guleid kwa mbali. Asubuhi hiyo lori lilikuwa limekanyaga bomu nje ya mji, nao hawakujua. Hakuna mtoto aliyejua.

Filimbi ililia kutoka upande wa hospitali, mara tatu, ndefu.

Watoto wawili walichuchumaa papo hapo barazani, mikono kichwani. Kisha Osob alitazama uwanjani. Mjomba wake alikuwa amesimama chini ya nguzo na mpira mkononi. Aliinamisha sikio, akatabasamu, akageuza uso kuelekea stoo, kama anayesema, nawasikia. Halafu akarusha. Mpira ulipanda, ukapita ndani ya pete bila kugusa chuma. Haikuwahi kumtokea tangu aanze. Guleid aliinua mikono yote miwili juu, akaielekeza stoo, awaonyeshe wale waliojificha.

Askari waliingia kwenye lango wakati mikono yake ingali juu.

Neno moja tu lingetosha. Osob alifungua kinywa aseme, Abti, chuchumaa, na sauti haikutoka. Aliona kitako cha bunduki kikishuka kwenye mkono wa kulia, ule uliorusha. Alisikia mfupa. Waliendelea kumpiga akiwa ameshachuchumaa, na baadaye akiwa amelala. Wakamburuta mpaka kwenye gari. Mpira ulibaki katikati ya uwanja mpaka jioni, na hapana mtu aliyethubutu kwenda kuuokota.

Mechi haikuchezwa. Jumamosi yote Hawo alisimama kwenye lango la kambi na birika la chai, na kila mara alirudishwa. Nunow alimfuata Osob kwenye foleni ya maji na kumnong'oneza kwamba akisema tu, watamchukua mama yake, na mwalimu pia, kwa kuwa mlio ule wa mara tatu ni wa askari peke yao. Akamwambia pia kwamba mwenye ufunguo ni yeye. Osob alikaa kimya Ijumaa. Akakaa kimya Jumamosi. Alikula chakula chake chote, na mama yake hakula.

Jumapili asubuhi alikuja Alio, yule karani. Alikuwa ameitwa kambini kutafsiri maneno. Alikaa mkekani, kofia mkononi, akamweleza Hawo kila kitu. Guleid alipoulizwa kwa nini hakuchuchumaa, alijibu kwamba ana sikio bovu, hakusikia. Hawakumwamini. Walisema mtu aliyeinua mikono vile alikuwa akiwapa ishara wenzake porini. Kesho asubuhi atapandishwa lori kupelekwa mbali, na waliokwisha kupandishwa lori hilo hakuna aliyejua watarudi lini.

"Kaka yangu ana masikio ya swala," Hawo alisema.

"Najua, dada. Nilimwambia kwa Kisomali, kwa kuwa afande hakielewi, sema ukweli ikiwa upo." Alio aliizungusha kofia yake. "Akanijibu, ukweli wangu una miaka kumi na miwili. Mimi sikumwelewa."

Hawo naye hakuelewa. Osob alielewa. Mjomba wake alikuwa amejua tangu mwanzo ni unyayo wa nani, na alikuwa ameona heri kupakiwa kwenye lori lile kuliko kumtaja.

Akasema yote. Alisema amesimama mlangoni, kwa sauti ndogo, filimbi, siku nne, kile kiapo. Hawo hakumpiga wala hakulia. Alisimama, akajifunga shuka. "Vaa viatu," alisema.

Walimpitia Mwalimu Kulow. Aliposikia, alikaa kitandani kwake, maana filimbi ilikuwa yake, na kwa kuigiza mlio ule watu walikuwa wamefungwa. Kisha aliichukua filimbi, akaenda nao.

Afande alikuwa mezani nje ya hema, akila papai kwa kisu. Alimsikiliza mwalimu mpaka mwisho, halafu akamgeukia Osob. "Kwa hivyo wewe ndiye jeshi linalotusumbua." Askari waliokuwa karibu wakacheka. Akaamuru mfungwa aletwe.

Guleid alitoka akifinya macho kwa sababu ya jua. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kipande cha kikoi chake, nao ulikuwa umevimba na kuwa mweusi kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Alipomwona mpwa wake pale, alifadhaika.

"Afande, mimi hapana sikia," alisema upesi kwa Kiswahili chake. "Sikio mbaya. Mtoto hapana jua kitu."

Afande hakumjibu. Aliisukuma filimbi mezani kuelekea kwa Osob. "Piga. Kama ulivyokuwa ukimpigia."

Osob alimtazama mama yake.

"Piga, hooyo," Hawo alisema, yaani mama, kama mama zetu wanavyowaita watoto wao. "Ulipiga bila kuambiwa."

Akapuliza mara tatu, ndefu. Pumzi ilikuwa ikimkatika, lakini sauti ilitoka. Na mjomba wake, aliyesimama katikati ya askari wawili, akachuchumaa. Mkono wa kushoto ukaenda kichwani. Ule wa kulia alijaribu kuuinua ufuate. Ulifika begani, ukatetemeka, ukashindwa kupanda. Akajaribu tena.

Askari walicheka sana. "Angalia chura," mmoja alisema. Hakuwa ameambiwa na mtu jina lile. Kilikuwa kicheko kilekile cha nyuma ya stoo. Tofauti ni kwamba safari hii Osob alikuwa upande wa mbele, na aliuona uso wa yule anayechekwa.

"Basi anasikia, na kuchuchumaa anajua," afande alisema, akaufuta mdomo. Akaandika kitu kwenye karatasi. Filimbi akaitia mfukoni mwake. Alimwambia Mwalimu Kulow afike kambini kila asubuhi kwa mwezi mzima afagie ua, ili akumbuke kufunga stoo yake. Kisha akawafukuza wote, Guleid pamoja nao, kwa mkono ulioshika papai.

Dresa alifanya alivyoweza, lakini ilikuwa tayari siku ya tatu. Mifupa iliungana ikiwa imepinda, na vidole viwili havikufungika tena. Alio, ambaye tangu siku ile hakutaka tena kutazama uwanja ule, alikihangaikia kibali yeye mwenyewe, akaenda ofisi hii na ile mpaka kikapigwa mhuri. Baada ya wiki sita Maka alishuka kwenye lori la msafara akiwa na mtoto mgongoni. Guleid alimpokea mtoto kwa mkono mmoja. Jioni hiyohiyo watoto wa foleni ya maji walimwita yule mtoto mwana wa Chura. Majina kama hayo hayarudi yalikotoka.

Osob hakuwa kiranja tena. Ufunguo alipewa Muslimo, aliyekaa naye dawati moja. Lakini adhuhuri moja aliusikia mpira ukidunda, akaenda uwanjani. Mjomba wake alikuwa chini ya nguzo, anarusha kwa mkono wa kushoto. Mpira ulipotea huku na huku, naye aliufuata akichechemea. Osob aliuokota, akampelekea. Alitaka kuomba msamaha. Alikuwa ameyapanga maneno kwa wiki sita, na hayakukaa sawa.

"Keti," Guleid alisema. Wakakaa kwenye kivuli chembamba cha nguzo.

"Abti, mtu anayeanza jambo asilolijua huwa kama mtoto mbele ya anayejua," alisema. "Kila utakalomwambia ataliamini, hana njia nyingine. Ndiyo maana kumchezea ni jambo baya. Lakini si filimbi iliyonivunja mkono, wala si kicheko. Kicheko ningekivumilia. Ile jioni nilipoutaja unyayo, nilikuwa nakungoja. Ungesema, ni mimi, abti, sitarudia, kesho yake filimbi ilipolia ningejua kwamba si wewe. Ningechuchumaa na wenzangu. Ulipoapa, uliniondolea njia ya kujua ipi ni ya kweli."

Osob alilia. Mjomba wake hakumnyamazisha. Alisubiri mpaka amalize, kama alivyomsubiri jioni ile.

"Kosa ulifanya siku nne," alisema. "Uongo ulikuwa wa mara moja, na ndio uliogharimu. Ukikosea, sema siku ileile. Usingoje mtu alipe kwa mfupa wake." Akainuka kwa kuegemea nguzo, akamnyoshea mpira kwa mkono uliopinda. "Sasa nionyeshe tena. Huu wa kushoto ndio kwanza umeanza shule."

Osob aliupokea mpira. Alijifuta macho kwa mtandio, akasimama mbele yake, mahali ambapo mtu yeyote aliyepita barabarani angemwona, akamwonyesha polepole, na safari hii alimwonyesha sawasawa.